Petroli Huenda Wapi Gari Linapokata Kona

Pikipiki ikikata kona huinama, na petroli iliyomo tangini huinama nayo. Mwendeshaji hukilaza chombo upande wa ndani wa kona. Nguvu inayotaka kuyatupa mafuta nje hukutana na uzito wa mafuta yenyewe, na matokeo yake huelekea palepale sakafuni mwa tangi. Ni kama ndoo ya maji inayozungushwa kwa kamba: maji hayamwagiki, maana popote ndoo iendapo, kitako chake ndicho chini. Ndiyo sababu pampu iliyofungwa kwenye sakafu ya tangi la pikipiki huendelea kulowa hata chombo kikilala nyuzi 45.

Gari halina neema hiyo. Husimama wima, tena hulemea kidogo upande wa nje, na petroli hukimbilia ukuta wa nje wa tangi. Anayeichukua pampu ya pikipiki na kuifunga kwenye tangi la gari anakitoa kifaa mahali ambapo mafuta siku zote yako chini, anakipeleka mahali ambapo mafuta yako kushoto, kulia, mbele au nyuma, kutegemea mguu na usukani. Nilifanya kazi ya gereji Changamwe kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Coventry, Uingereza, na pikipiki nyingi zilipita mikononi mwangu, lakini jambo hili nilikuja kulielewa kwa undani katika gari moja dogo lililokuwa likizimika kwenye kona.

Waingereza wana desturi ya zamani ya kujiundia magari nyumbani. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus alitoa kigari chepesi, wazi, cha viti viwili, kilichoitwa Seven. Kiliuzwa pia kwa vipande, mnunuzi akakiunge mwenyewe, kwa sababu gari la vipande lilikwepa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Mwaka 1973 kodi ile iliondolewa na VAT ikaingia, na mwaka huohuo Caterham ikachukua haki za kuiunda Seven. Nafuu ya kodi ilikwisha, ila watu hawakuacha. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi ya kuunda gari la mfano huo kwa pauni 250 tu, kwa mabomba ya chuma ya pembe nne na vipuri vya Ford Escort kuukuu. Magari ya kizazi hicho huitwa Locost, na mpaka leo unaweza kupita mtaani Jumamosi ukaona chasisi moja imewekwa juu ya vigogo, mwenyewe yuko chini yake.

Halafu wakaja wale waliotia injini za pikipiki. Ukilitazama jambo lenyewe, lina mantiki. Injini ya Suzuki GSX-R1000 ya mwaka 2005 ina ujazo wa cc 999, ina nguvu ya farasi zaidi ya 170, na giaboksi yake imo ndani ya kasha hilohilo. Watu wawili huibeba. Ukiitia katika gari lisilofika kilo 500, unapata kitu kinachokwenda kwa namna ambayo magari ya bei kubwa hayawezi. Gari langu lina injini hiyo.

Nililinunua kwa bei ndogo kutoka kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Lilikuwa limeshasajiliwa na linatembea, lakini kwenye raundabauti ndefu injini ilikohoa, ikakata, kisha ikarudi gari liliponyooka. Alikuwa amebadilisha plagi, koili, sensa, na mwishoni kompyuta nzima ya injini. Fedha yote hiyo ilikwenda kwenye umeme kwa sababu injini inayokata ghafla na kurudi ghafla humfanya fundi afikirie waya iliyolegea. Nilipomuuliza injini hukata kwenye kona za upande gani, alifikiri kidogo akasema za kulia. Hapo nikaacha kuufikiria umeme. Waya iliyolegea inaweza kusumbua kwenye mtikisiko wowote. Kitu kinachochagua upande mmoja kila mara, kwanza ningekitafuta kwenye kimiminika.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Likoni, alikuwa amekuja kusoma uhandisi hapa, na wikendi zake alizileta gerejini kwangu. Tuliunganisha geji ya presha kwenye bomba la petroli, tukaifunga kwa nje karibu na kioo cha mbele ili ionekane, tukaomba ruhusa ya kutumia uwanja mpana wa maegesho usiokuwa na magari. Mimi nikaendesha, yeye akasoma. Tulipozunguka kushoto, mshale ulitulia kwenye bar 3. Tulipozunguka kulia, ulianza kutetemeka, ukashuka mpaka chini ya 1, na injini ikakohoa wakati huohuo.

"Mjomba, pampu inameza hewa," akasema.

Ilikuwa inameza hewa kweli. Tangi lilikuwa boksi tupu la alumini, upana sentimita 60, kimo 25, kina 22, lita 33 hivi, bila ukuta wowote ndani. Bomba la kunyonyea lilikuwa kwenye kona ya nyuma upande wa kulia. Pampu yenyewe, iliyotoka kwenye gari fulani la zamani, ilikuwa imefungwa nje kwenye chasisi, juu zaidi ya sakafu ya tangi. Pampu za presha za namna hii husukuma kwa nguvu lakini hunyonya vibaya. Zinataka petroli iteremke yenyewe mpaka mlangoni mwao. Ukiziweka juu ya mafuta, kila kiputo cha hewa kinachoingia huchukua muda kutoka, na muda huo injini ina njaa.

Njaa hiyo ni hatari kuliko gari kuzimika. Injini ya pikipiki ikizunguka mara 10,000 kwa dakika huku kaba imefunguliwa yote, presha ikishuka, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, na joto ndani ya silinda linapanda. Pistoni zinaweza kutoboka. Anayezoea kukohoa kwa injini na kusema "itapita" anaichoma injini polepole.

Jambo moja lilinishangaza. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameweka bamba maalumu la vizuizi ndani ya sampu ya oili. Alijua, kama wajuavyo wote wanaotia injini hizi kwenye magari, kwamba oili ya pikipiki nayo imezoea chombo kinachoinama, na kwamba katika gari hukimbilia pembeni na kuiacha pampu ya oili kavu. Akaitibu oili, na petroli akaiacha. Ni ugonjwa uleule mmoja, umekaa sehemu mbili za gari.

Mpwa ndiye aliyetoa wazo la kurudi kwenye pampu ya injini yenyewe. "Kwa nini tusiweke ileile ya pikipiki yake, Mjomba?" Nyumbani hakuzoea pampu kabisa. Boxer za bodaboda alizokulia nazo zina kabureta, na petroli huteremka kwa uzito wake kutoka tangini. Koki ukiifungua, basi. Lakini kwenye madarasa yake alikuwa amesoma kuhusu injini za sindano, na alikuwa sahihi. Pampu ya GSX-R hiyo ni kitu kimoja kilichokamilika: mota, chujio, na regyuleta inayoishikilia presha karibu na bar 3, vyote vimekaa juu ya bamba moja linalofungwa kwa bolti chini ya tangi. Bomba moja tu linatoka kwenda kwenye injini, hakuna la kurudi. Presha ni ileile ambayo kompyuta ya injini inaitarajia. Mota imezama ndani ya petroli, na petroli ndiyo inayoipoza. Tukanunua moja iliyotumika kwa wauza spea za pikipiki zilizogongwa, tukanunua na mpira mpya wa kuzibia.

Kisha tukaketi kuhesabu, na hapa ndipo ninapowaomba wenye gari za namna hii wakae nami kidogo, maana wengi hutoboa kwanza na kuhesabu baadaye.

Nguvu ya kona ikifikia nusu ya uzito, uso wa petroli hulala kiasi cha nyuzi 27. Katika tangi la upana wa sentimita 60 lenye robo ya mafuta, petroli yote hukusanyika upande wa nje, na sentimita 20 hivi za sakafu ya upande wa pili hubaki kavu. Katikati ya tangi bado kuna kina cha sentimita 4. Kwa hiyo bomba la kona ya kulia lilikuwa limehukumiwa tangu siku lilipofungwa, na pampu ya katikati ingepona. Lakini kona ikikazwa mpaka nguvu ikaribie uzito kamili, jambo ambalo gari jepesi lenye matairi mazuri huliweza, uso hulala nyuzi 45 na hata katikati panakauka. Kuihamishia pampu katikati peke yake hakutoshi.

Tukajiuliza swali la pili: injini huwa na kiu lini? Gari likifunga breki, petroli hukimbilia mbele, lakini wakati huo mguu umeachia kaba na injini haitaki kitu. Gari likikazwa, petroli hukimbilia nyuma, na hapo ndipo injini inapokunywa kwa pupa. Basi pampu ikae nyuma. Kwa upande wa kushoto na kulia hakuna pa kukimbilia, ni katikati. Uingereza raundabauti huzungukwa kwa kwenda kulia, kwa hiyo wengine huisogeza pampu kushoto. Mimi sikupenda kulitibu tatizo la mkono wa kulia kwa kulianzisha la mkono wa kushoto.

Kilichobaki kilikuwa kuipa pampu ile chini yake. Tulichora boksi dogo la alumini ndani ya tangi, sentimita 15 kila upande, pampu imesimama katikati yake. Kwenye kila ukuta wa boksi, karibu na sakafu, tukaweka kimlango chenye bawaba kinachofunguka kuelekea ndani tu. Petroli ikija kutoka upande wowote hukisukuma na kuingia. Ikitaka kutoka, hukifunga yenyewe. Boksi hushika lita 2 na ushei hata tangi zima likipigwa huku na huku. Nje ya boksi tukaongeza kuta mbili zenye matundu, makubwa kidogo upande wa chini ili petroli ipite na mengine upande wa juu ili hewa ipite, ili wimbi lisijenge kasi.

Mpwa alitaka pampu iingie kwa juu. "Tukiining'iniza kutoka juu hatutakuwa na tundu chini la kuvuja, Mjomba." Ni hoja ya mtu anayefikiri, na sikumkatiza. Nikampa pampu mkononi, nikamwambia aigeuze kichwa chini atafute chujio liko wapi. Chujio liko jirani na bamba, kwa sababu bamba lilikuwa sakafu. Ukiigeuza, chujio linakuwa juu kabisa, na pampu itaacha kupata mafuta tangi likiwa na petroli tele. Akacheka, akaiweka mezani wima.

Ikabidi basi tundu liwe chini, na kila kitu kitegemee jinsi tundu hilo linavyozibwa. Ukuta wa tangi ulikuwa wa milimita 3. Huwezi kufunga bamba la pampu kwenye karatasi ya namna hiyo ukategemea mpira uzibe. Jirani yangu, mzee aliyestaafu baada ya kutengeneza vifaa vya viwandani maisha yake yote katika mji huu ambao zamani ulijaa viwanda vya magari na pikipiki, alitukerezea pete ya alumini ya unene wa milimita 12. Matundu ya bolti aliyachonga meno bila kuyatoboa mpaka upande wa pili. Alilisisitiza hilo kuliko kitu kingine chochote. Tundu lililotoboka huleta petroli kwenye meno ya bolti, na petroli hufuata meno hayo hata bolti ikikazwa vipi.

Tangi la zamani hatukuligusa kwa moto. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, na tangi lililomwagwa likaonekana kavu ndilo linaloweza kuwa katika kiwango hicho. Fundi aliyenifunza Changamwe aliwahi kumrudisha mteja na tangi lake la lori, mteja akaondoka kwa hasira kwenda kutafuta mwingine, na fundi hakujibu neno. Nilikuwa kijana na niliona ni woga. Leo kijana akiniletea tangi lililokwisha kubeba petroli anitake nichomelee, nitafanya vilevile. Tulikata alumini mpya, tukampelekea mchomeleaji anayetumia gesi ya argoni, na boksi lile la ndani likaingia kabla tangi halijafungwa.

Joto la kuchomelea huipinda pete. Tulimwomba mchomeleaji aifunge kwenye bamba nene la chuma wakati anachomelea, na baadaye mzee akaupitisha uso wake kwenye mashine mpaka rula iliyonyooka haikuacha mwanga chini yake. Bolti za M6 tulizikaza kwa spana ya mkazo, Nm 10, kwa kuvukana, moja huku na nyingine ng'ambo yake. Kabla ya petroli kuingia tulitia hewa ya presha ndogo sana na kupaka maji ya sabuni. Hakukuwa na povu.

Sehemu nyingine zilikwenda haraka, lakini ninazitaja kwa sababu kila moja inatokana na kuhama kwa pampu. Kifuniko cha tangi la pikipiki kina njia yake ya kupumulia. Tangi letu jipya halikuwa nayo, na pampu inayonyonya katika tangi lisilopumua hujenga ombwe mpaka ishindwe. Tukaweka kipumulio chenye vali inayojifunga gari likipinduka. Plagi ya umeme, ambayo kwenye pikipiki imejificha chini ya tangi, sasa ilikuwa inaitazama barabara ya Uingereza yenye chumvi ya majira ya baridi, kwa hiyo tuliipaka grisi na kuitengenezea ngao ya kuikinga na mawe. Waya nayo ilirefuka kutoka betri ya mbele mpaka nyuma, na waya ndefu nyembamba hula volti. Ukiipima betri utaridhika bure. Pima kwenye plagi ya pampu yenyewe, pampu ikiwa inafanya kazi. Sisi tuliongeza unene wa waya na kuweka rilei. Sensa ya Suzuki inayozima pampu chombo kinapoanguka tuliifunga wima kama ilivyokuwa kwenye pikipiki, na juu yake tukaongeza swichi ya ajali inayokata umeme gari likigonga kitu.

Mabomba ya mpira tulichagua ya daraja la R9, yanayostahimili presha ya sindano na petroli ya siku hizi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni E10, ina ethanoli mpaka asilimia 10, na mpira wa zamani hulainika na kupasuka ukikaa nayo. Gari linaloendeshwa wikendi tu huilaza petroli hiyo ndani ya mabomba kwa majuma. Sielewi mtu anayetumia mamia ya pauni kwenye kasha la hewa la kaboni kwa ajili ya urembo, kisha akafunga bomba la bei rahisi nyuma ya mgongo wake.

Tulipowasha swichi mara ya kwanza pampu ilivuma kwa sekunde chache ikanyamaza, kama inavyotakiwa: kompyuta huijaza presha kisha hungoja injini izunguke. Kabla ya kuiunganisha na injini tulikuwa tumeipima pembeni kwa kuielekeza kwenye chupa yenye vipimo na kulinganisha na kitabu cha mafundi cha pikipiki hiyo. Pampu iliyotumika inaweza kutoa presha nzuri na bado ikatoa mafuta haba, na geji peke yake haitakuambia.

Tukarudi kwenye uwanja ule na geji ileile, tangi likiwa na robo. Kulia mshale haukutikisika. Kushoto vilevile. Mpwa akaniambia nipunguze petroli, nikaifyonza mpaka zikabaki lita 5, nikazunguka mpaka shingo ikaniuma. Mshale ukabaki kwenye 3. Lita 4, ukaanza kutetemeka baada ya mzunguko mrefu ambao barabara ya kawaida haina. Basi taa ya onyo tuliiweka kwenye lita 7, na si pale mtengeneza pikipiki alipoiweka, kwa sababu akiba yake ilihesabiwa kwa tangi linaloinama.

Mwaka jana mtu mwenye gari kama langu lakini lenye injini ya Suzuki Hayabusa alikuja kuomba mchoro wa pete. Nilimpa, ila nilimwambia asiutumie mpaka alaze pampu yake juu ya karatasi na kuchora matundu yake mwenyewe, maana duara la bolti linaweza kutofautiana hata baina ya pikipiki za kampuni moja. Aangalie pia chujio lake linaelekea upande gani, na aligeuzie nyuma kabla hajatia alama tundu la kwanza. Mchoro wa boksi lenye vimlango nilimpa kama ulivyo.